Jicho Lililorudi na Mboni

Mama,

Salamu sikuandikii. Nikianza na "ama baada ya salamu" nitakusikia ukinikata kwa Kibajuni chako: "Hizo za kila mchu, Mwanaisha. Hata anayekuja kukutukana huanza na salamu." Basi naingia moja kwa moja kwenye habari. Shee yu hai. Mwanao yu hai, Mama, na jicho lako limerudi.

Nimeandika hayo nikaweka kalamu chini, nikalia, halafu nikacheka peke yangu mpaka wifi Halima akaja kuchungulia mlangoni kama nimepandwa na shetani. Nikamwambia namwandikia Mama. Hakushangaa hata kidogo. Amenituma nikwambie kwamba sasa anakula vizuri, na kwamba ile kanga uliyompa siku ya harusi yake na Shee haikutoka mikononi mwake, ingawa watu walimwambia aiweke mbali.

Najua mwalimu wa chuo cha Kurani akinikuta ataniuliza barua hii inapelekwa na nani. Aulize tu. Wewe uliingia kaburini hujui, na kukaa na habari kubwa namna hii bila kukwambia kumenishinda. Nikichambua mchele nakwambia. Nikifagia uwanja nakwambia, mpaka jirani ananitazama kwa huruma. Nimeona bora niandike mara moja, nami nipumzike.

Lakini kwanza nikuchekeshe. Mwezi uliopita nilikuwa Kismayu, dukani kwa muuza nguo, na karani wake kijana alikuwa akimsomea mama mmoja barua ya mumewe. Mwisho wa barua pana jicho. Duara, na mboni katikati. Yule mama akauliza hili nini, na kijana akamweleza, kwa kujiamini kweli kweli, kwamba hiyo ni alama ya mapenzi ya zamani sana, imetoka Misri kwa wafalme. Mzee mmoja aliyekuwa akipima shuka akadakia: si Misri, ni mabaharia wa Bara Hindi. Wakabishana pale mpaka mwenye duka akawafokea. Mimi nimesimama na kanga mkononi, nacheka kimoyomoyo. Nilitaka kusema: jamani, alama hiyo imetoka jikoni kwa mamangu, kisiwani Chovae, na wino wake wa kwanza ulikuwa masizi ya sufuria. Sikusema. Niliona raha tu kusikia inakwenda mjini peke yake na watu wanaigombania.

Unaikumbuka siku yenyewe? Shee alikuwa amekwenda Mukdishu kufanya kazi kwenye matishari ya Mataliani, yale yanayoteremsha shehena kutoka melini, kwa sababu Baba alikuwa ameshakufa na hapa kisiwani hapakuwa na mtu wa kuunda chombo kipya. Ukaniita nikuandikie barua. Nikaandika kama nilivyofundishwa, salamu juu ya salamu, za zaidi na zaidi, idadi ya nyota na mchanga. Nikakusomea. Ukakunja uso. Ukasema, "Sasa mimi niko wapi humo?"

Nikakwambia jina lako liko hapa mwanzo na hapa mwisho. Ukasema jina lako hata mjumbe wa Taliani analo kwenye makaratasi yake. Ukainuka, ukaenda kwenye kile kigae alichokuwa akichanganyia rangi Baba, ukakwangulia humo masizi ya sufuria, ukatia sifa, yale mafuta ya papa tunayopaka vyombo. Mimi napiga kelele, Mama, karatasi itanuka! Hukunisikia. Ukachovya kijiti, ukachora duara chini ya maandishi yangu mazuri, kisha ukatia dole gumba kwenye rangi, ukaligandamiza katikati.

Nilijua papo hapo. Kila aliyekulia uwanja wetu angejua. Baba, Mungu amrehemu, akimaliza chombo alikuwa akikichorea macho mawili pale omoni, mbele ya chombo, moja kila upande, kama mafundi wote. Ila yeye alikuwa na mtindo wake. Alichora maduara tu, halafu akakuita wewe. Ulikuwa ukija na mikono yenye unga au na samaki nusu hujampara, na wanaume wote ufuoni wanakutazama, ukatia dole gumba kwenye rangi ukaweka mboni. Wakubwa walinung'unika. Mwanamke na chombo kipya, mambo gani haya! Baba alikuwa akiwajibu neno moja kila mara: "Nataka kijue nyumba ya kurudi." Kisha wewe unarudi jikoni unajifanya umekasirika, na siku nzima hutaki kuosha lile dole.

Basi ndilo ulilompelekea Shee. Barua ilinuka papa kutoka hapa mpaka Mukdishu, na nahodha aliyeibeba alilalamika kwamba paka wa chomboni hakumwacha alale.

Na jibu lake! Shee alichora macho mawili, moja huku na moja huku, na mboni zimekwenda pembeni, yana makengeza yote mawili. Ulicheka ukashika mbavu. Halafu ukageuka mkali. "Kanipelekea yote mawili. Yeye huko atatazama kwa jicho gani?" Ukaniamuru niandike: jicho ni moja moja. Langu linakuja kwako, lako linarudi kwangu, na barua mbili zikikaa pamoja ndipo chombo kina uso. Toka hapo mkawa mnapelekeana hivyo, yako na yake, na wewe ukizilaza zake chini ya godoro, zingoje zako zirudi naye. Niliandika barua zote zile kwa mkono wangu, Mama, na maneno yake sasa siyakumbuki. Mengi yalikuwa habari za mbuzi. Macho ndiyo ninayoyakumbuka.

Wanawake wa hapa hawakuchukua muda. Walianza kuja na karatasi zao, Mwanaisha tuandikie, na usisahau kile kijicho cha nyumbani kwenu. Wewe ukawafukuza. "Hilo la Shee. Kila mchu atafute lake." Ndipo Bi Khadija akachora chanuo, kwa sababu mumewe alikuwa akipenda kumtazama akichana nywele. Masikini yule bwana hakuelewa kabisa. Aliporudi alishuka na chanuo jipya la pembe, akasema nimepokea agizo lako. Bi Khadija alikwenda kulia kwa jirani, kisha akarudi akalitumia, na mpaka leo akilichomoa nyweleni hucheka. Mwalimu naye akasikia, akaja kukwambia kwamba kuchora kiumbe hakufai. Ulimkaribisha kahawa kwa adabu zote, ukamuuliza: jicho lisilo uso, lisilo pua wala mdomo, ni kiumbe gani? Akanywa kahawa akaondoka. Kwa chanuo hakuwa na neno.

Kwa hiyo jicho lilitoka hata hivyo, utake usitake. Vijana waliokuwa na Shee bandarini waliliona wakaliiga, wakaliandika kwa wake zao, hao wakaliandika kwa ndugu zao, na sasa liko kwenye duka la nguo Kismayu na limekuwa la wafalme wa Misri.

Sasa nifike pale penyewe. Unapajua mwanzo wake, mwisho wake huujui.

Vita vya Mataliani na Wahabeshi vilipoanza, bandari ya Mukdishu ilijaa meli, na barua za Shee zikawa chache, kisha zikakoma. Kisha Nahodha Athmani, aliyekuwa akibeba barua zenu, akaja na zile habari. Alizileta mwenyewe, akakaa barazani kwetu, hakugusa maji aliyopewa. Alisema tishari moja limepinduka na watu wake, na inasemekana Shee alikuwemo. Inasemekana. Hilo neno wewe ulilidaka. Ukamuuliza: umeuona mwili? Hakuuona. Umemwona aliyeuona? Hakumwona. Ukasema, "Basi unarudi lini huko? Barua yangu utaibeba."

Ulikuwa na homa tayari. Uliniita na karatasi, nikaandika uliyonambia, mistari michache tu, kwamba nyumba iko, Halima yuko, mbuzi wamezaa. Ukachovya kijiti. Mkono ulikuwa ukitetemeka nikataka kukushika, ukanisukuma. Ukachora duara. Halafu ukaweka kijiti chini, ukajifuta. Nikasema Mama, mboni. Ukanitazama kama nilipokuwa mdogo nikiuliza mambo ya kipuuzi. "Mimi nimechora. Mboni atie yeye. Akiwa hai ataitia."

Nahodha Athmani akaichukua. Nawe hukungoja sana.

Mazishi yako sikuelezi, uliyaona kuliko mimi. Nitakwambia tu kwamba maji ya kukuosha yalikuwa ya kisima chetu, kama ulivyotaka, na kwamba Halima ndiye aliyeifukiza udi sanda yako. Lakini matanga hayajakwisha, Ami Lali, nduguye Baba, akasimama. Unamjua shemeji yako, akisimama hukohoa kwanza. Akasema jambo la kusikitisha ni kuzika mmoja na kumwacha mwengine bila dua. Tuwasomee khitma pamoja, mama na mwana. Kisha Halima akae eda, na akimaliza aolewe, msichana mdogo huyu, tusimzeeshe kwa ndoto za marehemu.

Mama, nilisimama mbele ya watu wote. Mimi ninayeona haya hata kuuliza bei! Nikasema: "Someni ya Mama. Ya Shee bado." Wanawake wakaanza kunong'ona, na mama yake Halima akanivuta nguo nikae. Sikukaa. Ami akaniuliza bado nini. Nikasema jicho la Mama halijarudi. Nilisikia mtu akicheka nyuma, na sikumlaumu, lilikuwa neno la kitoto. Lakini ndilo neno nililokuwa nalo. Ulikuwa umeniachia hilo tu.

Ami Lali si mtu mbaya. Usimkasirikie huko uliko. Alikuwa na uchungu wake, alimpenda Shee kama alivyompenda Baba, na watu wengine wakiumia hutaka mambo yafungwe upesi. Akatuchukua sote Kismayu kwa Kadhi. Kabla ya safari mke wa Ami alikwisha kumtafutia Halima kitambaa cheupe cha eda, akakifua, akakianika uani kwetu, na sisi tukipita tunakiona kinapepea pale. Halima akawa hali chakula. Alikonda tu. Asubuhi moja nilimkuta amekaa na ile kanga yako mapajani, akanambia: "Wifi, nikivaa cheupe nitakuwa nimemuua mimi." Nikamwambia hutavaa. Nilikuwa sijui nasema nini, nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Kadhi alitusikiliza vizuri. Ni mtu wa polepole, huzungusha tasbihi mpaka unataka kumpokonya. Alisema uvumi wa bandarini si maiti, na vilevile tumaini la mama si uhai. Nahodha Athmani yuko safarini. Atakaporudi, aulizwe kama ameuliza. Akija mikono mitupu, yeye Kadhi atahukumu kwamba mume amekufa, na mke atakaa eda kuanzia siku hiyohiyo. Tukafikia kwa jamaa pale mjini tukangoja. Nilikuwa kila asubuhi nikiomba chombo cha Athmani kije, na kila jioni nikishukuru hakijaja.

Kikaja. Athmani alitoka bandarini moja kwa moja mpaka barazani kwa Kadhi, na chumvi bado usoni, na sisi tumeitwa tumekaa. Alikuwa na bahasha. Akasema barua ya mama aliiacha kwa mwanamke muuza kahawa karibu na bandari, pale wanapokaa watu wetu, na yule muuza kahawa akawa anamuuliza kila Mbajuni anayepita. Na safari hii, alipokwenda kunywa kahawa, akapewa hii. Ndani hajui mna nini. Kadhi akaifungua akasoma kwa sauti. Salamu, Mama. Salamu tupu! Salamu za zaidi na zaidi, idadi ya nyota, mimi ni mzima, naumwa kidogo mkono, wasalimie wote. Mwandiko wa mtu mwengine kabisa. Ami Lali akakohoa. Akasema, kwa upole, hakusema kwa ubaya: barua kama hii anaandika yeyote, na huenda iliandikwa zamani, imechelewa njiani. Na kweli, ndani yake Shee hakuwemo. 

Ndipo Kadhi akaitikisa bahasha, na kipande cha karatasi kikaanguka sakafuni. Kabla sijakiona nilikisikia harufu. Papa, Mama. Papa!

Ilikuwa ncha ya barua yako ya mwisho, imechanwa. Duara lako lile la kutetemeka, na mafuta yametapakaa pembeni yake vilevile. Na katikati pana mboni. Si nyeusi, ni ya zambarau, rangi ile ya dawa ya vidonda wanayopaka hospitalini. Na imekaa upande, ina makengeza.

Sikulia hapo, usifikiri. Nilizungumza haraka kama mtu anayekimbizwa. Nikamweleza Kadhi kwamba duara hili mamangu alilichora mbele yangu likiwa tupu, akasema mboni ataitia mwanawe akiwa hai. Kadhi akamgeukia Athmani: barua hiyo uliibeba kabla ya habari za tishari au baada? Athmani akasema baada, kwa maana habari nilizileta mimi, na barua nikapewa nikirudi. Kadhi akasema vyema. Lakini dole hili ni la nani? Mtu yeyote ana dole.

Akakipitisha kile kipande. Kikafika kwa Ami Lali. Akakisogeza mbali na macho, unajua anavyofanya, kisha akakisogeza karibu. Katikati ya ile mboni ya zambarau palikuwa na mstari mweupe, umekata dole kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Ami akaupitishia kidole ule mstari. Nikaona midomo yake inacheza. Unakumbuka Shee alivyojikata na tezo, siku za kwanza Baba anamfundisha kuchonga, dole la kushoto likapasuka mpaka ndani? Na Baba akachanganyikiwa, na aliyemfunga alikuwa Ami, akachana kilemba chake mwenyewe, kilemba kipya cha Idi, akamfunga huku akimtukana kwa kuogopa? Ami aliikumbuka. Akasema, "Kovu hili nimelifunga mimi." Akasema tena. Kisha akaweka ile karatasi juu ya paji lake la uso, mzee mzima, mbele ya Kadhi, akalia kwa sauti.

Kadhi akazungusha tasbihi yake. Akasema: mume yu hai, mke ni mke wa mtu, nendeni zenu mkale. Halima akaanguka mabegani kwangu, na sote wawili tukawa tunanuka papa.

Shee mwenyewe amefika, siku hizi yuko hapa, analala na anakula na anakoroma kama zamani. Tishari lilipinduka kweli. Mnyororo ukamvunja mkono wa kulia, akaokotwa, akapelekwa kwenye hospitali ya nje ya mji na homa juu, hana fahamu, na hapana aliyemjua jina. Alipopata fahamu tu barua yako ilimfikia kitandani, imeletwa na mfagizi wa pale aliyeambiwa na muuza kahawa. Anasema hakuisoma, hawezi kusoma, unajua. Aliinusa. Akaona duara tupu, akaelewa unamuuliza nini. Mkono wa kulia umefungwa, akatia dole la kushoto kwenye kichupa cha dawa, mwuguzi akamgombeza. Barua yenyewe aliandikiwa na mgonjwa wa kitanda cha pili, ndiyo maana ilikuwa salamu tupu. Nilimuuliza mbona hukumwambia aandike zaidi. Akashangaa. "Si nimetia mboni?"

Alikuwa hajui kwamba umekufa. Alishuka chomboni anachekacheka, anatafuta uso wako kati yetu. Nilimwambia mimi, ufuoni palepale, sikutaka asikie kwa mwengine. Hapo palikuwa pagumu na siwezi kukupambia. Alikwenda kaburini kwako akakaa muda mrefu, na aliporudi dole lake la kushoto lilikuwa na mchanga. Sikumuuliza.

Ila nakwambia, Mama, nyumba imepumua. Mkono wake haujapona kushika tezo, Ami Lali anamshikia, wanarekebisha lile dau alilotuachia Baba na wanagombana kutwa nzima juu ya kila msumari. Ami amekuwa mtu wa kuniletea samaki na kujifanya walimzidi. Kile kitambaa cheupe mkewe alikuja kukichukua, amejiinamia kwa haya, na Halima akamwambia kiache. Amekikata akashona foronya. Shee analalia eda yake mwenyewe na hajui!

Sasa nikuage, maana wali utaungua. Nakuahidi mambo mawili na nitayatimiza. Khitma yako tutaisoma upya, yako peke yako, na Shee akiwa amekaa mbele kabisa. Na dau likimalizika, kabla halijaguswa na maji, macho yatachorwa, na mboni ataziweka Halima. Wanaume wa ufuoni wameshaanza kunung'unika, kwa hiyo ujue mambo yanakwenda vizuri.

Barua hii naiweka chini ya godoro pamoja na zile za Shee. Hapa chini Shee amekuchorea duara, kwa mkono wa kushoto, limepinda kama yai. Amechovya masizi na sifa, karatasi nzima inanuka. Nilipomwambia atie na dole akakataa, nami nilipotaka kutia akanishika mkono. Basi tumeliacha tupu.

Sisi tumechora, Mama. Mboni utatia wewe, siku tutakapoonana.

Mwanao,
Mwanaisha